Je, Wajua? Boti Isiyoacha Wimbi Nayo Hung'oa Vigingi

Kwa nini mtu anayeishi ndani ya boti ya mfereji, akitazama kipindi kitamu cha televisheni kuhusu mifereji hiyo hiyo, huishia kuifokea skrini: "Punguza mwendo!"? Boti anayoifokea inakwenda polepole kuliko mtu anayewahi daladala.

Kipindi chenyewe mara nyingi ni Great Canal Journeys, kilichoanza kuonyeshwa Uingereza mwaka 2014. Waigizaji wawili wakongwe, Timothy West na mkewe Prunella Scales, walizunguka mifereji wakipiga soga na kukumbushana ya ujanani, huku mke akiishi na maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Watazamaji waliwapenda mno. Wenye boti waliwapenda pia, maana wawili hao walikuwa watu wa mifereji miaka mingi kabla kamera haijawafuata. Ila watu wa mifereji wana jicho lao. Mtazamaji wa kawaida huona daraja la mawe na bata. Wao humwona mtu aliyeshika kana, yaani mkono wa usukani, huku uso kaugeuzia kamera. Huuona mguu unaoning'inia nje ya boti pembeni ya ukuta. Na lalamiko kongwe kuliko yote ni kuhusu mwendo wa kupita boti zilizofungwa ukingoni.

Historia kwa ufupi. Mifereji ya Uingereza ilichimbwa kwa wingi kuanzia miaka ya 1760 ili kusafirisha makaa ya mawe na bidhaa za viwandani, na boti zilivutwa na farasi. Mingi ilijengewa loki, yale makufuli ya maji ya kupandishia na kushushia boti, zenye upana wa mita 2.1 hivi. Ndiyo maana boti zake hadi leo ni nyembamba kama penseli: upana mita 2.08, urefu hata mita 21. Sehemu kubwa ya mifereji ya England na Wales, kilomita 3,200 hivi, inasimamiwa na Canal & River Trust tangu 2012. Kikomo cha mwendo ni maili 4 kwa saa, yaani kilomita 6.4. Maelfu ya watu wameifanya boti kuwa nyumba, na asiye na maegesho ya kudumu hatakiwi kukaa mahali pamoja zaidi ya siku 14. Kwa hiyo kando ya mfereji kuna safu ndefu za boti zilizofungwa kwa kamba kwenye vigingi vya chuma vilivyogongwa kwenye udongo. Mle ndani birika liko jikoni na jiko la makaa linawaka.

Sasa dhana yenyewe. Ukimuuliza mtu boti inayopita inaisumbuaje boti iliyofungwa, atakujibu: kwa mawimbi. Baharini jibu hilo linatosha. Chombo chenye kasi huacha mkia wa mawimbi, na vidau vilivyo karibu huyumba. Kutokana na hapo huzuka kanuni ambayo kila aliyekodi boti ya likizo hujitungia bila kufundishwa: geuka nyuma utazame, na kama huoni wimbi linalovunjika ukingoni basi huna kosa. Ni kanuni yenye mantiki, na mfereji hauijali hata kidogo. Unaweza kuteleza juu ya maji laini kama kioo, usiache povu, na bado ukang'oa vigingi vya watu watatu mfululizo. Maneno "lakini sikuacha wimbi lolote" yanaweza kuwa kweli tupu na yasimsaidie aliyemwagikiwa na chai.

Kinachofanya kazi hiyo ni maji yanayorudi nyuma.

Fikiria punda wa Lamu aliyebebeshwa mashogi mawili, yale makapu ya mzigo ya ubavuni, yaliyojaa kokoto. Akipita ufukweni hakuna anayemjali. Nafasi ni tele, watu humpisha kwa hatua moja. Mwingize kwenye kichochoro kilichojaa watu. Waliokuwa mbele yake hawana pa kwenda ila kupenya kati ya shogi na ukuta ili watokee nyuma. Punda akitembea taratibu, watapenya taratibu. Akiongeza mwendo, nao lazima wapenye mbio. Mzee aliyejikalia barazani na miguu kainyoosha hataguswa na punda, lakini wale wanaokimbia kumpisha punda watamkumba. Na punda akienda kasi kupita uwezo wa watu kupenya, msongamano utajikusanya mbele ya pua yake.

Watu wale ndio maji, na mzee wa barazani ndiye boti iliyofungwa. Boti nyembamba huzama majini kama sentimita 60, kwa hiyo sehemu yake iliyo ndani ya maji, ukiitazama kwa mbele, ina eneo la mita za mraba 1.25 hivi. Ikienda kilomita 4.8 kwa saa, mwendo wa mtu asiye na haraka, inasukuma zaidi ya tani moja na nusu ya maji kila sekunde. Maji hayo hayawezi kubaki mbele. Yanarudi nyuma kupitia kijia chembamba kati ya ubavu wa boti na ukingo, na kupitia chini ya mkuku, yaani uti wa chini wa boti, ambako mara nyingi kumebaki kina kidogo tu juu ya tope.

Maji yanapobanwa na kulazimika kwenda mbio, usawa wake hushuka. Nguvu ya kuyakimbiza lazima itoke mahali, na hapa inatoka kwenye kimo chao. Kwa hiyo pembeni ya boti inayopita maji hupwa kwa sekunde kadhaa, matope ya ukingoni yakaonekana, kisha yakajaa tena ikishapita.

Hesabu ya karatasini inaonyesha uchokozi wa jambo hili. Chukua mfereji wa upana wa mita 10 ambao ukiukata kwa kukingama, maji yake yana eneo la mita za mraba 9. Boti ikienda kilomita 3.2 kwa saa, usawa pembeni yake unashuka chini ya sentimita 2, jambo ambalo bata hatalitambua. Ongeza mwendo kidogo, ufike 4.8: maji yanashuka karibu sentimita 5. Mwendo umeongezeka kwa nusu, mshuko umekaribia mara tatu. Endelea hadi 6.4, kile kikomo cha kisheria, na hesabu inakataa kutoa jibu. Ukuta uko karibu kilomita 6 kwa saa. Zaidi ya hapo maji hayana njia ya kupita pembeni kwa utulivu. Yanarundikana mbele ya omo, yaani pua ya boti, tezi, yaani sehemu ya nyuma, inazama, injini inanguruma na mwendo hauongezeki. Mifereji halisi haina umbo la karatasini, ina makona, tope na sehemu pana, kwa hiyo tarakimu hizi zisichukuliwe kama kipimo cha kila mahali. Lakini ule mruko kati ya 3.2 na 4.8 hauondoki, na ndio unaofanya neno "polepole" kuwa na maana mbili tofauti kwa aliyeshika kana na kwa aliyefunga kamba.

Boti iliyofungwa, yenye uzito wa tani 15 au zaidi, hupata haya yote kwa mfuatano. Kwanza mlima mdogo wa maji ulio mbele ya omo ya mgeni huisukuma kuelekea anakokwenda mgeni. Kisha mkondo unaorudi huivuta kinyume, na bonde la maji likipita, nayo hutaka kulifuata. Tezi ikishapita, inasukumwa mbele tena. Mbele, nyuma, mbele, kwa muda wa nusu dakika hivi. Kamba ikiwa imelegea ndiyo balaa, kwa sababu chuma cha tani 15 hupata nafasi ya kushika kasi kabla kamba haijakaza ghafla. Kigingi kilichogongwa kwenye ardhi iliyolowa mvua hakihitaji mishtuko mingi ya namna hiyo.

Hapa ndipo televisheni inaponyima ushahidi bila hila yoyote. Kamera hupenda kutazama mbele, ambako maji ni shwari na mandhari yanafunguka. Mwaka 2015 BBC Four ilirusha safari ya saa mbili kwenye mfereji wa Kennet na Avon, kutoka Bath, bila mtangazaji wala muziki, kamera ikiwa imefungwa kwenye omo. Ni televisheni ya ajabu na ya kupendeza, saa mbili ambazo hakuna kinachotokea na hutaki kuinuka. Lakini kamera iliyoko kwenye omo haiwezi kuonyesha kinachotokea ubavuni. Ndiyo maana mwenye boti, akitazama vipindi kama hivi, haangalii boti kabisa. Anaangalia kamba za boti zilizofungwa: je, zimekaza? Anaangalia matete ya ukingoni: je, yamelala kwa pamoja kabla boti haijayafikia? Picha iliyopigwa kutoka ukingoni ikionyesha kamba inakaza ghafla, kwake hiyo ni kesi iliyokwisha, hata kama mwigizaji mpendwa yuko katikati ya hadithi nzuri.

Kuna jambo jingine linaloudhi ambalo kipindi cha dakika 50 hakina muda nalo. Kupunguza mwendo ukiwa tayari ubavuni mwa boti ya kwanza ni kuchelewa. Mawimbi marefu ya mfereji husafiri kwa mwendo unaotegemea kina. Kwa kina cha mita moja ni zaidi ya kilomita 11 kwa saa, yaani mara mbili au tatu ya mwendo wa boti. Ukipunguza moto dakika ya mwisho, rundo la maji ulilokuwa ukilisukuma linaendelea mbele peke yake na kuwafikia kabla yako. Wenyeji hupunguza urefu wa boti kadhaa kabla, mpaka injini inabaki kwenye mlio wa chini kabisa.

Rundo hilo la maji lina historia ya kisayansi. Mwaka 1834 mhandisi Mskoti John Scott Russell alikuwa akitazama boti ikivutwa na farasi wawili kwenye Union Canal, karibu na Edinburgh. Boti iliposimama ghafla, maji yaliyokuwa mbele yake hayakusimama. Yalijikunja kuwa nundu moja laini, urefu wa mita 9 hivi na kimo cha sentimita 30 hadi 45, yakaondoka. Russell aliifuata nundu hiyo juu ya farasi kwa zaidi ya kilomita moja, ikienda kilomita 13 hivi kwa saa, hadi ilipompotea kwenye makona ya mfereji. Wanahisabati walihitaji miongo kadhaa kukubali kwamba wimbi la namna hiyo linawezekana, na mwaka 1995 wanasayansi walikusanyika kwenye mfereji uleule na kulitengeneza upya kwa boti.

Russell alisimulia pia kisa cha mfereji wa Glasgow, Paisley na Ardrossan, ambako farasi wa William Houston alishtuka akaanza kukimbia na boti nyepesi nyuma yake. Kila mtu angetarajia mfereji uchafuke kwa mawimbi. Badala yake boti ilipanda juu ya wimbi lake mwenyewe, maji yakatulia, na farasi akaona mzigo umepungua. Houston, mmoja wa wamiliki wa mfereji huo, aliona biashara papo hapo: zikaja boti za abiria zilizokimbizwa na farasi kwa mwendo huo. Kwa hiyo ile dawa ya kutosumbua ukingo ipo pande mbili, kwenda polepole sana au kwenda kasi mno. Boti za leo za chuma na dizeli haziwezi ile ya pili, na sheria haitaki kusikia habari zake.

Maji hayo hayo yanayobanwa huzivuta pia meli kubwa kuelekea kingo. Ever Given, yenye urefu wa mita 400, ilipoziba mfereji wa Suez mwezi Machi 2021, upepo ndio uliotajwa kwanza, lakini wataalamu wengi wa mwenendo wa meli walilitaja jambo hili pia. Upi ulikuwa na sehemu kubwa zaidi, bado wanabishana.

Tukirudi kwenye mifereji midogo, haki haiko upande mmoja. Mpita njia huweza kuijibu ile kelele ya "Punguza mwendo!" kwa kuinyooshea kidole kamba iliyofungwa ovyo, na mara nyingine ana hoja. Kamba mbili tu za omo na tezi, zikielekea moja kwa moja ukingoni, huiacha boti icheze mbele na nyuma. Ukiongeza mbili za mshazari, moja ikivuta kuelekea mbele na nyingine kuelekea nyuma, mchezo huo hupungua sana. Ni kazi ya dakika chache zaidi, pamoja na vigingi viwili vya ziada.