Sentensi ya amri katika Kiingereza: kiima kimekwenda wapi?

Kiswahili husema "nilimwona" kwa neno moja. Kiingereza huhitaji matatu: "I saw him". Kiima, yaani mtendaji ("I"), hutangulia, kitenzi ("saw") hufuata, kisha shamirisho, yaani mtendwa ("him"). Sisi tumezoea kubeba yote hayo ndani ya kitenzi kwa viambishi. Kiingereza hutegemea zaidi nafasi ya neno. "The dog bit the boy" na "The boy bit the dog" zina maneno yaleyale, ila katika ya pili mtoto ndiye aliyemng'ata mbwa.

Ndiyo maana Kiingereza hakikubali kwa urahisi sentensi isiyo na kiima. Hata mvua ikinyesha, husemwa "It is raining". Hiyo "it" haitaji kitu chochote, imewekwa ili nafasi isibaki tupu. Mwanafunzi anayesema "Is raining" si mzembe. Amefuata "inanyesha", ambamo kiambishi "i-" kimeshamaliza kazi.

Sasa tazama amri: "Wait." "Open the door." Hapa, kinyume na kanuni tuliyoisema, kiima kimeachwa. Anayeambiwa yupo na anajulikana, yaani "you", basi hakuna haja ya kumtaja. Kitenzi nacho hubaki katika umbo lake la msingi, bila "to" wala "-s" wala "-ed". Kwa hiyo "uwe mwangalifu" ni "Be careful", kamwe si "Are careful".

Kiswahili kinafanana na Kiingereza hapo, kwani "unasoma" hupoteza kiambishi na kuwa "soma". Njia zinaachana kwenye wingi. Sisi tunasema "someni", wao "read" ileile kwa mtu mmoja au umati. Zinaachana zaidi kwenye ukanushi, na nadhani hapa ndipo pa kufanyia mazoezi mengi. Tunapokataza, tunamrudisha mtendaji: "usisome", "msisome". Kiingereza huanza na "don't" bila kumtaja mtu: "Don't read." Hata "be" hufuata mkondo huo. Ingawa husemwa "I am not late", katazo lake ni "Don't be late".

Jina "amri" lisikutishe. Umbo hilohilo hutumika kwenye maelekezo ya njia, "Turn left", na kumtakia mtu heri, "Have a safe journey". Hakuna anayeamrishwa. Lakini kwa mtu usiyemjua, "Open the door" huweza kusikika kali, na "please" haiondoi ukali wote. Wengi hugeuza ombi kuwa swali: "Could you open the door?" Kwetu tungesema "naomba unifungulie mlango". Ile ya Kiingereza kwa muundo ni swali, na kiima chake "you" kimerudi, lakini anayeuliza hasubiri kuambiwa "ndiyo, naweza". Anasubiri mlango ufunguliwe.