Shamba la kujitegemea: tunayoyaamini Mombasa na ukweli wa mashambani

Mifereji ikikauka Mombasa na mkokoteni wa maji ukawa ndio tegemeo la mtaa, mazungumzo ya barazani huwa ni yale yale: tununue shamba Kwale au Kilifi, tulime, tufuge, tusimtegemee mtu. Nia hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Maji ya kisiwa hiki hutoka mbali: Mzima kule Taita Taveta, kwa bomba la kilomita 220 hivi, Baricho kando ya Mto Sabaki, Marere katika Milima ya Shimba, na visima vya Tiwi. Bomba moja likipasuka, twajua sote. Lakini nimeona watu wakizika akiba ya miaka mingi kwenye ekari zisizoweza kuwalisha, kwa kuwa kaunti waliichagua kwa bei ya ardhi tu.

Dhana: Shamba ni kijani, kwa hivyo maji yapo.

Madalali hupenda kukupeleka Mei au Juni, masika yakiwa yamekolea na hata Kinango, bara kavu ya Kwale, inapendeza machoni. Nenda Februari, jua la kaskazi likiwa limeshika. Pwani yetu ina masika, Aprili hadi Juni, na vuli, Oktoba hadi Desemba, lakini mvua haigawanyiki sawa. Karibu na bahari hufika milimita 1,000 na zaidi kwa mwaka. Ukielekea Ganze, Bamba au Kinango ndani, yaweza kushuka hadi karibu nusu. Kilifi na Kwale zote zimo katika kaunti zinazohesabiwa kuwa kame au nusu kame. Kutoka vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano mfululizo ilikosa mvua ya kutosha katika maeneo kame ya Kenya. Kisha mwishoni mwa 2023 ikaja El Niño, na mafuriko yakafuata. Kaunti ipime kwa miaka hiyo. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame hutoa taarifa kila mwezi kwa kila kaunti kame; zisome za miaka mitano nyuma kabla ya kulipa hata arbuni.

Dhana: Maji yasipokuwepo, nitachimba kisima.

Wazee walishatupa majibu kwa majina. Kwenye barabara ya Nairobi, mbele ya Mariakani, kuna mahali paitwapo Maji ya Chumvi, na jina hilo halikutungwa kwa mapambo. Miamba ya ukanda ule hutoa maji ambayo mara nyingi hayanyweki, hata ukichimba kwa gharama kubwa. Mawe ya mchanga ya upande wa Mazeras huwa na tabia nzuri zaidi. Kwenye matumbawe ya ufukweni kuna hatari nyingine: ukivuta maji kwa pampu kupita kiasi, bahari inakufuata chini kwa chini na kisima kilichokuwa kitamu kinageuka. Onja maji ya jirani mwishoni mwa kiangazi, wala usitosheke na kuonja baada ya mvua.

Mimi ningeanza na paa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mabati la mita 50 za mraba, penye milimita 900 kwa mwaka, hupokea lita 45,000. Toa sehemu ya tano inayopotea, zabaki 36,000. Watu watano wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku, wanahitaji 36,500 kwa mwaka. Inakaribia kutosha, ila mvua haiji kwa mafungu sawa. Kuanzia vuli iishe hadi masika yashike ni siku 100 hivi, yaani lita 10,000 lazima ziwe tayari kwenye tangi. Na hapo mbuzi hajanywa, wala mchicha haujamwagiliwa. Penye milimita 600, paa lile lile laleta 24,000 tu. Hesabu hii nyepesi ingewaepusha wengi na majuto.

Dhana: Nikivuna mahindi, akiba ninayo.

Mtu mmoja hula karibu gunia moja la kilo 90 kwa mwaka, na kuyapata shambani ni nusu tu ya kazi. Dumuzi, mdudu aliyeingia Kenya kupitia Taveta mwanzoni mwa miaka ya 1980, hutafuna gunia zima likawa unga wa vumbi. Kuvu la sumu ni hatari zaidi: mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 huko Makueni, Kitui na jirani zake. Joto na unyevu wa Pwani havitupi nafasi ya uzembe. Kausha hadi unyevu uwe asilimia 13.5 au chini. Kipimo cha nyumbani ni chupa kavu: tia mahindi na chumvi kavu, tikisa, chumvi ikigandama kwenye chupa, bado. Kisha weka kwenye mifuko isiyopitisha hewa.

Na usiudharau muhogo. Hukaa ardhini hadi siku ya shida na hustahimili ukame kuliko mahindi, mradi upate mbegu safi, maana ugonjwa wa michirizi ya kahawia huozesha mzizi huku majani yakionekana ya kuridhisha. Kituo cha utafiti cha Mtwapa kimetoa aina kama Tajirika na Shibe. Mnazi mrefu nao utakufanya usubiri miaka sita au zaidi, basi panda mapema.

Dhana: Yakitokea ya kutokea, nitakimbilia shamba.

Tarehe 8 Aprili 2020 kaunti za Mombasa, Kwale na Kilifi zilifungwa kwa sababu ya Korona, kuingia wala kutoka hakuna. Mwenye shamba Matuga, Kwale, aliyelala Kisauni, Mombasa, alibaki Kisauni. Na hata bila amri, kutoka kisiwani kwa gari hasa ni kwa Nyali, Makupa au kivuko cha Likoni, na sote tunaijua foleni ya Likoni siku ya kawaida. Shamba lisilo na mtu anayeishi hapo, chakula ndani na maji kwenye tangi, halikufai siku hiyo.

Dhana: Hati miliki ipo, basi mambo yamekwisha.

Fanya upekuzi katika ofisi ya ardhi, na kama ni ardhi ya kilimo, ombi la kibali cha bodi ya ardhi lipelekwe ndani ya miezi sita baada ya kuandikiana, la sivyo mkataba ni bure. Lakini Mwambao una historia ya hati zilizoandikwa tangu enzi za mkoloni kwa watu wasiokuwa wakiishi hapo, na waliokuwa wakilima wakabaki maskwota kwenye ardhi ya wazee wao. Hati yako yaweza kuwa safi na jirani zako wakawa na uchungu. Nenda ukakae nao kabla ya kununua. Uliza nzi wa ndorobo wanaua ng'ombe kiasi gani, tembo wa Shimba hupitia wapi, zahanati iko umbali gani usiku. Kisha uliza mikorosho na minazi hii ni ya nani, kwani kwetu mti na ardhi vyaweza kuwa na wenyewe tofauti, na uliza makaburi yaliyo chini ya mwembe ni ya nani.