HaloSat: Setilaiti Ndogo Iliyopima Gesi Moto ya Galaksi Yetu

Angahewa ya Dunia humeza miale ya eksirei itokayo angani, kwa hiyo mwanafalaki anayetaka kuipima hana budi kukipeleka chombo chake juu ya hewa. Setilaiti ya kwanza ya kazi hiyo ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru kwa kuwa Kenya ilikuwa ikiadhimisha sikukuu yake ya uhuru. Ilikuwa na zaidi ya kilo 140. HaloSat, iliyobuniwa na Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani kwa fedha za NASA, ilikuwa na kilo 12 hivi.

Udogo huo haukuwa kasoro kwa kazi iliyokusudiwa. Hesabu za ulimwengu mchanga zinadai maada ya kawaida iwe nyingi kuliko ile inayoonekana katika nyota na mawingu ya gesi, na mojawapo ya mahali inapodhaniwa kujificha ni gesi yenye joto la nyuzi milioni mbili hivi, inayoizunguka galaksi yetu. Mng'ao wake ni hafifu lakini umetanda mbingu nzima, ilhali darubini kubwa hutazama kipande chembamba cha anga kwa wakati mmoja. HaloSat haikuwa na kioo hata kimoja: vigunduzi vyake vitatu vya silikoni vilitazama eneo lenye upana wa digrii 10 hivi, takriban mara 20 ya upana wa Mwezi.

Kikwazo kigumu zaidi, kwa maoni yangu, kilikuwa jirani. Ayoni za oksijeni, yaani atomi zilizopoteza elektroni, katika upepo wa Jua (mkondo wa chembe zitokazo kwenye Jua) hunyakua elektroni kutoka kwa atomi za hidrojeni na heli zilizo kati ya sayari, zikatoa eksirei zinazofanana mno na zile za gesi ya mbali. Ndiyo maana HaloSat ilikusanya data ikiwa upande wa usiku wa Dunia, na ikatenga muda wa kuupima mng'ao huo wa karibu ili uondolewe katika hesabu.

Iliachiliwa kutoka Kituo cha Anga cha Kimataifa Julai 2018, ikateketea angani Januari 2021. Matokeo yaliyochapishwa 2020 yalionyesha kwamba sehemu kubwa ya mng'ao wa gesi moto hufuata sahani ya galaksi, kunakozaliwa nyota, tena kwa mabaka mabaka. Gesi iliyoenea mbali zaidi, hata kama ni nyingi kwa jumla, ni nyepesi kiasi cha kuchangia eksirei kidogo tu.