Saa kumi alfajiri, ndiyo kwanza mpiga besi anaingia

Kazi yangu ni ushauri wa ndoa hapa Dar es Salaam, na mume wangu anapiga besi kwenye bendi ya dansi. Kwa hiyo mke wa mwanamuziki akiingia ofisini kwangu, swali lake nalijua hata hajakaa: hao wanawake wanaomtuza pesa jukwaani, nifanye nao nini?

Mimi humuuliza kwanza: huwa mnakula pamoja lini? Wengi hunyamaza. Bendi inaanza saa tatu usiku, inamaliza saa nane au tisa, vyombo vinafungwa, kisha gari la bendi linasambaza watu mtaa kwa mtaa. Anabisha hodi saa kumi. Saa kumi na mbili wewe uko kituoni unagombea daladala. Mnapishana mlangoni wiki nzima, halafu lawama zote anabebeshwa shabiki wa meza ya mbele.

Na akifika hapati usingizi. Mtu katoka kupiga muziki mbele ya umati, damu bado inachemka, masikio yanavuma. Miaka ya mwanzo nilikuwa namsubiri na habari za ada ya shule, tukawa tunagombana karibu kila Jumapili alfajiri. Siku hizi mazungumzo mazito ni Jumatatu mchana, siku yake ya mapumziko, tukishakula. Alfajiri ni chai tu na "Pole, Baba Neema, watu walijaa?" Siku ambayo hawakujaa hata hilo siulizi, nasikia namna viatu vinavyovuliwa.

Kuna pesa pia. NUTA Jazz, iliyoanza 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wenye mshahara wa mwezi. Bendi nyingi za leo zinaishi kwa kiingilio cha getini. Mvua ikinyesha Ijumaa, posho inageuka nauli. Mwezi wa Ramadhani bendi nyingi husimama au hupunguza maonyesho, halafu Idd inakuja na pesa ya mkupuo. Mke anayepiga hesabu za mwezi kwa mwezi atamwona mumewe mwongo. Sisi tunahesabu mwaka: pesa ya Idd na ya harusi za Desemba inakwenda moja kwa moja kwenye kodi ya nyumba, kabla haijazoea mfukoni. Tuzo nazo zinatajwa nyumbani, hata ikiwa elfu mbili. (Mpiga besi anasimama nyuma, hatuzwi sana. Mwenye mume mwimbaji ana kazi zaidi.) Nilivyoona ofisini, tuzo iliyofichwa inachoma kuliko aliyeitoa.

Huyo shabiki sasa. Kumbandika mwimbaji noti kwenye paji la uso ni sehemu ya burudani, na jikoni kwenu kunapikwa kwa noti hizo. Nenda ukumbini mara moja moja, kaa, agiza mishikaki, wenzake wakujue kwa jina. Usiende kulinda, mlinzi anaonekana tangu getini.

Lakini simu ikizimwa usiku usio na shoo, au "mazoezi" yakianza kuangukia siku zisizo zake, hilo muziki hauhusiki. Wala huhitaji kumpekua. Bendi ina watu kumi na kitu, na karibu wote wana wake wenye simu.