Kufuta picha kwenye simu si kuihifadhi Google

"Simu imejaa? Futa tu, picha zote ziko Google." Utayasikia haya kwa mafundi wa simu Darajani, utayasikia barazani Chake Chake. Yana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayoponza.

Google Photos, programu ya Google ya kuweka picha, si kabati unaloweka kitu ukafunga. Kazi yake ni kufananisha kilichomo kwenye simu na kilichomo kwenye akaunti. Ukifuta picha ndani ya programu hiyo, inafutika kote, hata kwenye simu ya pili inayotumia akaunti ile ile. Picha iliyokwisha kupandishwa kwenye akaunti hukaa kwenye pipa la taka siku 60, kisha basi. Anayetaka kupunguza mzigo wa simu tu, kuna kitufe cha kuongeza nafasi: kinaondoa nakala ya simuni na kuiacha ya kwenye akaunti.

Nafasi ya bure nayo ina mwisho: GB 15, zikigawana na barua pepe za Gmail na mafaili ya Google Drive. Na akaunti isiyoguswa miaka 2 inaweza kufutwa na Google. (Ya babu, aliyofunguliwa na fundi na nywila haijui mtu, ndiyo ya kwanza kuitazama.)

Kwa hiyo cheti cha mtoto, karatasi za kiwanja, picha za harusi ya bibi: weka nakala nyingine kwenye flashi au diski. Ukiwa Wete, mpe ndugu aliyeko Unguja akuwekee.