Mvua haikunyesha, lakini radi ilikuwepo
Watu wengi tangu zamani huamini kwamba bila mvua hakuna dhoruba ya radi. Si kweli. Katika vituo vya hali ya hewa, mwangalizi huandika siku ya ngurumo mara tu anapoisikia kituoni, hata kipimamvua kikiwa kikavu kabisa. Ngurumo moja yatosha. Zikilia ishirini, siku hubaki moja. Ndiyo maana kituo huweza kumaliza mwezi kikiwa na siku nyingi za ngurumo na mvua kiduchu.

Hili si la makaratasi tu, ni la uhai: radi huweza kupiga zaidi ya kilomita 10 kutoka mahali mvua inaponyesha. Ukisikia ngurumo, ingia ndani ya jengo imara, ukae mpaka zipite dakika 30 tangu ile ya mwisho.