Je, wajua kwa nini unga huadimika wiki hii, kisha wiki ijayo ukakosa pa kuwekwa?

Jumatano moja jioni nilizunguka maduka manne ya Manyatta, hapa Kisumu, nikitafuta pakiti moja tu ya unga wa mahindi. Kila mahali jibu lilikuwa lile lile: "Umeisha, baba. Jaribu kesho." Nikaishia kununua mahindi gorogoro moja na kuyapeleka kwenye mashine ya kusaga, safari ambayo sikuwa nimeifanya tangu utotoni. Siku kumi baadaye nikapita tena kwenye duka la kwanza. Beli za unga zilikuwa zimepangwa mpaka juu ya benchi ambalo wateja hukalia wakingoja chenji, na mama mwenye duka amejibana nyuma ya kaunta kama aliyejengewa ukuta.

Mtaani maelezo yalikuwa tayari: kuna watu waliuficha, wakangoja bei ipande. Mambo hayo hutokea, sikatai. Lakini unga unaweza kupotea hivyo na kufurika hivyo bila mtu kuficha hata pakiti moja.

Tupige hesabu ndogo. Nambari nimezitunga mwenyewe ziwe nyepesi, ila mwendo wake ni wa kweli. Beli moja ina pakiti 12 za kilo mbili. Duka huuza beli 4 kwa wiki, na mama huweka 1 ya akiba pale pembeni. Wiki moja akauza 5. Labda shule zimefunga na watoto wamejaa nyumbani, labda kuna matanga mtaa wa pili. Sababu haijui; anachokiona ni pembe tupu pale ilipokuwa akiba. Siku ya kuagiza, anataka 5 kwa kuwa ndizo zilizouzwa, 1 ya kurudisha akiba, na 1 ya kutuliza roho. Anaagiza 7.

Mwenye holseli anahudumia maduka 20 kama hilo. Amezoea kupokea beli 80 kwa wiki na kuzitoa zote, huku stoo ikikaa na nyingine 80. Leo maduka yote 20 yameagiza 7, yaani beli 140. Anatoa 80 zilizoletwa na 60 za stoo, anabaki na 20. Naye anajua hesabu: ikiwa wateja sasa wanataka 140 kwa wiki, basi stoo nayo inapaswa kukaa na 140. Anaagiza 140 za wiki ijayo na 120 za kujazia stoo. Simu inapoingia kiwandani, oda ni beli 260.

Mlaji aliongeza robo tu. Kiwanda kimeombwa zaidi ya mara tatu ya kawaida yake. Na ukimhoji kila mmoja peke yake, utakubali kwamba pale alipokuwa amesimama alifanya la busara.

Sasa kiwanda hakina beli 260. Mahindi yanatoka Kitale na kwingineko, lazima yawe yamekauka, lori lipatikane, mashine ziongezewe saa. Kwa hiyo kinagawa: ukiomba 100, unapewa 50. Hapo ndipo mambo yanapoharibika kabisa, kwa sababu mwenye duka hachelewi kuelewa mchezo. Ukitaka 7 na unajua utapewa nusu, utasema unataka 14. Tangu hapo namba iliyo kwenye oda haisemi tena watu wanakula kiasi gani. Inasema watu wanaogopa kiasi gani. Na sisi wateja, tukisikia unga ni wa mgao, anayenunua moja ananunua tatu. Jumatano yangu ilikuwa hapo.

Kisha kiwanda kinasaga usiku na mchana, malori yanafika, na kila duka linaletewa zile 14 lilizoomba kwa ujanja. Lakini jikoni kwa watu kuna pakiti tatu tatu. Wiki hiyo duka haliuzi hata beli 3. Zilizobaki zinapanda kwenye benchi.

Wataalamu huliita jambo hili athari ya mjeledi: mkono husogea kidogo, ncha ya kamba inaruka mbali. Aliyewahi kulimisha kwa ng'ombe haelezwi mara mbili. Jay Forrester wa chuo cha MIT, Marekani, alilichambua mwaka 1961, na chuoni hapo likatungiwa mchezo ambao bado unachezwa katika madarasa ya biashara. Wachezaji wanne wanajigeuza muuza bia wa rejareja, mwenye duka la jumla, msambazaji na kiwanda. Kuongea hawaruhusiwi, wanapitishiana vikaratasi vya oda tu. Wateja hubadilika mara moja peke yake: kreti 4 kwa wiki zinakuwa 8, kisha zinabaki 8 mpaka mwisho. Pamoja na hayo, oda za kiwandani hupanda mlima na kuporomoka, na mchezo ukiisha wachezaji huapa kwamba ni wateja waliokuwa wakirukaruka.

Kampuni ya Procter & Gamble iliyaona hayo hayo kwenye nepi za Pampers. Watoto hawakojoi kwa msimu, lakini oda za nepi zilipanda na kushuka kama bei ya nyanya. Mwaka 1997 mtafiti Hau Lee wa chuo cha Stanford, Marekani, na wenzake wawili wakapanga sababu zake nne. Mbili tumeziona: kubashiri kwa kutazama oda badala ya mauzo, na ujanja wa kuomba mara mbili wakati wa mgao. Ya tatu ni kuagiza kwa mafungu, pale mtu anaposubiri oda itoshe kujaza tuktuk ndipo aite. Ya nne ni bei ya ofa, nayo nitairudia kwa sababu inanihusu.

Safari hii yote, kutoka shambani Trans Nzoia mpaka sufuria ya Manyatta, ndiyo inayoitwa mnyororo wa ugavi. Neno la kuusimamia kama kazi moja si la zamani. Mshauri wa biashara Keith Oliver ndiye aliyelitangaza mwaka 1982. Kwangu mimi jina "mnyororo" linadanganya kidogo. Ukivuta mnyororo huku, kule unahisi papo hapo. Huu wa unga ukiuvuta leo, kule unahisiwa baada ya wiki mbili tatu, wakati wewe umeshaacha kuvuta.

Ndani yake hupita vitu vitatu: bidhaa zinateremka kwa mlaji, pesa zinapanda kwa mzalishaji, na habari zinapaswa kwenda pande zote. Bidhaa zilipata mbio mapema. Reli ilifika ufuo wa ziwa hapa Kisumu mwaka 1901, na mwaka 1956 mfanyabiashara Malcom McLean akapakia makontena 58 melini huko Newark, Marekani, na kuanzisha zama za kontena. Pesa nazo, M-Pesa ilipokuja mwaka 2007, ziliacha kupanda matatu na kufichwa kwenye soksi. Habari ndizo zilizobaki nyuma, na teknolojia nyingi ya ugavi unayoisikia ikisifiwa, ukiivua maneno makubwa, ni njia ya kupeleka habari kabla hazijaharibika.

Chukua ule mlio wa "tii" kwenye kaunta ya supamaketi. Ulisikika kwa biashara mara ya kwanza tarehe 26 Juni 1974 mjini Troy, Ohio, Marekani, na kitu kilichopitishwa kilikuwa pakiti ya chingamu ya Wrigley's. (Geuza pakiti ya unga uliyonayo: huenda namba chini ya mistari inaanza na 616. Hiyo haikuhakikishii kwamba mahindi ni ya Kenya. Maana yake ni kwamba mwenye bidhaa alipewa namba kupitia shirika la GS1 la Kenya.) Kila "tii" inasema pakiti moja imenunuliwa na mtu wa kweli, kwa pesa ya kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Walmart, kampuni ya maduka makubwa ya Marekani, ilianza kumwonyesha Procter & Gamble mauzo hayo moja kwa moja, na kiwanda kikaweza kupanga kazi kwa kutazama nepi zilizotoka dukani badala ya oda zilizojaa wasiwasi.

Duka la Manyatta halina "tii". Lina daftari la madeni na kumbukumbu ya mama. Namba ya till, ile ya kulipia kwa M-Pesa, inajua kwamba nimelipa shilingi 200; haijui kama nilibeba unga au sabuni na kiberiti. Kuna kampuni za kuagizia kwa simu, kama Twiga Foods iliyoanza mwaka 2014 kwa ndizi, na zinasaidia kwa kupunguza mikono ya katikati. Lakini nijuavyo mimi oda ni oda, iwe kwa daftari au kwa simu janja: mtu mwenye hofu ataandika 14 tu. Mihuri ya kielektroniki inayofungwa kwenye mizigo ya malori yanayopita kuelekea mipaka ya Busia na Malaba inafanya kazi ya aina nyingine. Ilibuniwa kuzuia mizigo ya nje isishushwe njiani, ila mwenye mzigo akijua lori lake limelala Nakuru, hana sababu ya kuagiza la pili.

Nilimuuliza mama wa duka kama mwenye holseli huwa anataka kujua ameuza ngapi. Akacheka. "Huyo huniuliza nataka ngapi. Nimeuza ngapi ni siri yangu na Mungu."

Jumamosi ile benchi lilipojaa alikuwa amepunguza bei ili benchi lipate nafasi. Nilikwenda kununua pakiti moja, nikarudi na nne. Kwa wiki karibu tatu sikukanyaga dukani kwake kutafuta unga, na jirani zangu walionunua siku hiyo hawakukanyaga pia. Juzi nilipopita benchi lilikuwa wazi, nikakaa kungojea chenji ya sabuni. Unga nikauona umebaki beli moja na nusu. Safari hii, akaniambia, aliagiza 2 tu.